Bakuli la Mililita Kumi na Tano

Garajini, Kampemba, Jumamosi mchana

Judith,

Mambo ya kuchemsha maji, ya kushonea pesa ndani ya upindo wa sketi, ya kutolala usingizi mzito ndani ya behewa, mama yako ameshakuambia tangu Jumatatu, na najua umechoka kuyasikia. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, ni baya, na nimelikalia miaka minne.

Saa hizi uko mtaa wa Hewa Bora kwa tonton Simon, mjomba wako, unafua. Ni Jumamosi yako ya mwisho. Asubuhi nilikuona ukitoka na kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa plastiki, nikataka kukuita, nikaishia kukohoa. Ukageuka ukasema, "Papa, hicho kikohozi bado tu?" Nikasema bado. Sina kikohozi, Judith.

Kesho, treni ya kaskazini ikikumbuka kuondoka, utakwenda Kalemie kwa tantine, shangazi yako, kujifunza ushonaji. Familia nzima imekubali kwamba ndivyo vizuri. Wanasema mikono yako ina mkosi, haifai kwa mashine, acha ishike kitambaa, kitambaa hakiui mtu. Nami nimekuwa nikitikisa kichwa pamoja nao, mezani, nikila.

Basi sikiliza. Mikono yako haikukosea. Namba zako zilikuwa sawa, zote. Mimi nilijua hivyo, nikakuacha ubebe.

Nitaandika kila kitu tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, ili siku ukimsomea mtu mwingine barua hii asipotee njiani. Na umsomee yeyote unayetaka, sitaki unifichie.

Unajua babu yako alitoka kaskazini akiwa kijana na kuingia karakana za reli. Alisikiliza moteri, injini yoyote, kwa fimbo, ncha moja kwenye chuma, nyingine sikioni, kisha anasema mahali palipoharibika. Hakuandika namba hata moja maishani mwake, na alikuwa fundi kweli. Mimi nilirithi fimbo ile, nikadhani nimerithi na sikio. Sikio sikulirithi. Nilirithi majivuno yake tu, na yeye alikuwa na haki nayo.

Wewe ulianza kuja garajini ukiwa na miaka kumi, ukitoka shule, na soksi nyeupe zilizochafuka grisi, ambazo mama yako alinigombeza kwazo kila Ijumaa. Ulikuwa msumbufu. Kila kitu unauliza. Kwa nini hii, kwa nini siyo ile, Papa inaingia kiasi gani, Papa unajuaje? Siku moja ukaja na bomba la sindano, lile kubwa la mililita hamsini, ulilopewa na muuguzi jirani yetu, halina sindano. Ukatafuta kipande cha plastiki ngumu kinachopitisha mwanga, ukakitoboa tundu kwa msumari wa moto. Nikacheka. Nikawaambia watu, tazameni, binti yangu anataka kupiga moteri sindano. Kumbe ulikuwa umeona kwenye kitabu jinsi ya kupima chumba cha kulasi, yaani lile tundu la juu ya silinda ambamo hewa na esansi, petroli ile, vinabanwa kabla ya kuwaka. Mimi nilikuwa nimefungua moteri miaka ishirini na tano, na sikuwahi kupima hata chumba kimoja.

Ulipofika miaka kumi na sita, tonton Simon, mdogo wa mama yako, alituletea moteri ya basi lake dogo. Moteri ya esansi, silinda nne. Ilikuwa imechemka mara nyingi, kulasi yake imepinda, na mafundi wengine walikuwa wameshainyoa mara mbili kwenye mashine ili inyooke. Kulasi ikinyolewa, chumba chake kinapungua, na chumba kikipungua hewa inabanwa zaidi. Hilo hata mimi nililijua, kwa mdomo.

Wewe ulilijua kwa namba. Ulipaka grisi pembeni mwa chumba, ukabandika plastiki yako, ukashusha mazuti, dizeli, kwa bomba tone kwa tone mpaka povu la mwisho likatoka. Mililita hamsini. Ukapima unene wa joenti, ile karatasi ya chuma inayokaa kati ya kulasi na bloki: inaacha mililita tisa. Nafasi iliyobaki juu ya pistoni: mbili. Silinda yenyewe inameza mia sita na kumi. Ukaandika yote kwenye karatasi uliyoichana kwenye daftari la hesabu, ukaja nayo mbele yangu, vidole vimejaa grisi.

"Papa," ukasema, "tukiweka pistoni za bapa, moteri itabana mara kumi na moya. Esansi ya hapa haiwezi, itawaka mbele ya saa yake. Tutafute pistoni za bakuli, zile ziko na shimo kichwani. Bakuli ya mililita kumi na tano. Njo itabana mara tisa, sawa vile inatakiwa."

Unakumbuka nani alikuwepo? Wateja watatu, kwenye benchi. Yule mnene mwenye lori la mkaa ndiye aliyecheka kwanza. "Ee fundi, kumbe bosi wa hapa njo huyu mutoto mwanamuke!" Wenzake wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto.

Ungekuwa umeninong'oneza pembeni, labda ningekusikiliza. Nimejiambia hivyo miaka minne. Si kweli. Siku tatu kabla yake, mteja mwingine alikuwa amepita hapa kuuliza, "Yule binti anayepima iko wapi?" Hakuniulizia mimi. Alikuulizia wewe. Tangu saa ile nilikuwa nakutafutia kosa. Baba mzima, ndevu nyeupe, nilikuonea wivu mtoto wangu mwenyewe aliyevaa soksi za shule.

Nikasimama, nikasema kwa sauti ili benchi lisikie: "Weye! Miye nilianza kufungua moteri mbele weye uzaliwe. Hapa Lubumbashi tuko yulu sana, hewa iko kidogo, moteri haishibi. Itabeba hiyo kumi na moya yako, na itaomba ingine!"

Wakacheka tena, safari hii kwa upande wangu. Nilikipenda kicheko kile, Judith. Nilikinywa.

Na jambo lile la hewa lina ukweli kidogo, ndiyo maana lilinifaa. Mji wetu uko juu, hewa yake ni nyepesi, moteri inavumilia kubanwa kidogo zaidi hapa kuliko pwani. Kidogo. Si kutoka tisa mpaka kumi na moja, na kulasi iliyonyolewa mara mbili, na esansi ya chupa za kando ya barabara ambayo hakuna anayejua wameichanganya na mafuta ya taa kiasi gani. Nililijua hilo nikiwa bado nasema.

Pistoni za bapa zilikuwepo kwenye rafu, mpya, zinang'aa. Za bakuli zingetoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, wiki mbili. Na sisi watu wa fimbo tulikuwa na dharau yetu: pistoni ya bakuli, tulisema, ni pistoni iliyoliwa, ya moteri za wagonjwa. Nikachukua karatasi yako, nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni. Ukasimama unanitazama. Nikakutuma usafishe uso wa bloki, mahali joenti inapokaa. Ukausafisha vizuri. Nilipitisha kidole baadaye, hapakuwa na punje ya uchafu. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Wiki ya kwanza basi lilikimbia vizuri. Tonton Simon, shemeji yangu, alipita hapa akipiga honi, "Beau-frère, hii sasa moteri!" Mimi nikakutazama wewe. Unajua nilivyokutazama.

Wiki ya pili alirudi peke yake, bila honi. Akasema akipanda kilima na mzigo kuna sauti inagongagonga, kama misumari ndani ya kopo. Wewe ulikuwa shule. Nikamwambia ni esansi mbaya, abadilishe muuzaji. Halafu, alipokwenda kununua sigara, nikafungua boneti, nikarudisha cheche nyuma kidogo, ili moteri iwake kwa kuchelewa na sauti ipungue. Ikapungua. Ukifanya hivyo moteri inapata joto zaidi, kila fundi anajua. Mimi ni fundi. Niliua sauti, ugonjwa nikauacha ndani, nikafunga boneti na kufuta mikono.

Hilo hukulijua mpaka leo. Hakuna anayelijua.

Mwezi wa kumi, kwenye joto lile, basi lilikuwa njia ya Likasi, limejaa watu na magunia ya unga. Pistoni ya tatu ikatoboka katikati. Basi likazimika mahali barabara inapopanda na kupinda, saa kumi alasiri, jua liko machoni mwa madereva. Abiria wakashuka, wote wazima, Mungu ashukuriwe. Tonton Simon akakata matawi, akaenda kuyapanga nyuma ya basi barabarani, kuwaonya madereva, kama wanavyofanya wote wa huku gari likiwafia. Alikuwa ameinama kuweka tawi la mwisho wakati lori lilipotokea na kumgonga. Hospitalini mguu wa kulia waliukata chini ya goti.

Wakaja hapa garajini baada ya wiki mbili: mama yako, kaka yake mkubwa Aloise, na wazee wawili wa ukoo wao. Mimi nilikuwa nimeshafungua moteri. Wewe ulisimama kando ya pipa la mafuta. Aloise akainua pistoni ile, akapitisha kidole kwenye tundu, kidole kikatokea upande wa pili.

"Nani alipima hii moteri?" akauliza.

Nikasema, "Judith njo alipima. Na bloki, Judith njo alisafisha."

Tazama jinsi nilivyo fundi. Hapo hakuna neno hata moja la uongo. Ulipima. Ulisafisha. Nimeyarudia maneno yale usiku na mchana nikitafuta uongo ulipo, ili angalau niweze kuuungama kwa padri, na kila mara nakuta maneno yote ni kweli na mimi ni mnyama.

Ulifungua mdomo. Nikasema, "Nyamaza, wakubwa wako wanaongea." Ukanyamaza. Ulikuwa mtoto niliyemlea vizuri, ndiyo shida.

Wakakaa. Unaijua hukumu, umeiishi. Aloise akasema mtoto hana cha kulipa, basi alipe kwa mikono ileile: kila Jumamosi ufue nguo za tonton na vitambaa vya kidonda chake, mpaka siku utakapoondoka nyumbani kwa baba yako. Na usishike moteri tena. Akaniuliza, "Beau-frère, unakubali?" Mama yako akanitazama. Ilikuwa saa yangu. Neno moja tu lingetosha.

Nikasema, "Nakubali."

Jioni ile ulinifuata nyuma ya nyumba. Hukulia. Ungelia ingekuwa rahisi kwangu. Uliuliza tu, "Papa, lakini nilisema bakuli. Ulisikia?" Na hapo ndipo nilipofanya lile baya kuliko yote. Nilikuambia kwamba baada yako nilipima tena mwenyewe. Kwamba kulasi ilishika sitini na tano, si hamsini. Kwamba kwa sitini na tano pistoni za bapa zilikuwa sawa kabisa, mara tisa, hesabu yako mwenyewe inasema hivyo. Kwamba kilichoua moteri ni joenti iliyovuja, mahali ulipoacha uchafu. Ukasema, "Naweza kuona karatasi yangu?" Nikasema niliitupa.

Nilikuwa sijapima. Nilipima baada ya hapo, usiku huohuo, nimejifungia humu, kwa bomba lako na plastiki yako. Hamsini. Nikamwaga, nikapima tena. Hamsini. Mara ya tatu nilitaka hata iwe hamsini na mbili, nipate pa kushikia. Hamsini, Judith. Nikaenda kulala.

Kuhusu Jumamosi zako sitasema mengi, unazijua kuliko mimi. Lakini ujue nilikuwa naona. Jumamosi ya kwanza ulirudi ukakaa mlangoni, ukanusa mikono yako, ukaenda kuisugua kwa majivu. Niliona. Mwezi wa saba, kwenye baridi, vidole vilipasuka, mama yako akavipaka mafuta ya mawese, nami nikauliza chakula kiko wapi. Niliona hata watoto wa mtaani wakikuita "Mvunja-mguu". Niliwafukuza kwa mawe, ukaniambia aksanti Papa. Wewe ukaniambia mimi aksanti!

Na ile siku ndani ya gari la mteja, mwaka juzi, nakupeleka Hewa Bora. Ulikuwa umekaa na ndoo miguuni. Tulipofika kwenye kona ukasema, macho yako nje, "Papa, silinda ya pili haipati cheche muzuri." Halafu ukajifunika mdomo kwa mkono, kana kwamba umetukana. Nikakuambia, "Hayo tuliyamaliza." Nikakushusha. Nikarudi garajini, nikafungua, ikawa ya pili. Mteja akanisifu, akasema fundi una sikio la baba yako. Nikapokea.

Lakini lililonikalisha chini leo kuandika si hayo. Ni Jumanne. Mlikuwa jikoni, wewe na mama yako, mnakunja nguo za safari. Akakuuliza kama hutazikumbuka moteri. Ukasema, "Apana, Mama. Labda niliona vibaya kwenye lile bomba. Nilikuwa mutoto, nilijiona." Ulisema kwa sauti ya kawaida, ukaendelea kukunja.

Nilikuwa nyuma ya mlango na kikombe mkononi. Miaka yote hii nilijifariji kwamba unajua ulikuwa sahihi, kwamba unanichukia kimyakimya na una haki. Chuki ile ningeweza kuibeba. Kumbe umeniamini. Nilikunyang'anya kazi yako kwenye basi la mjomba wako, nikakunyang'anya garaji, na mwisho nikaingia mpaka ndani ya kichwa chako nikang'oa hesabu iliyokuwa sahihi nikaweka takataka yangu. Sijui mwizi mwingine aliyeiba kitu kama hicho kwa mtoto wake.

Nasimama hapa. Nakwenda Hewa Bora kumwambia tonton Simon kabla hujamaliza kufua. Nataka nikuambie mwenyewe, mbele yake. Nitamalizia nikirudi.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na moja.

Tonton alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba, mkongojo umeegemea ukuta. Wewe ulikuwa nyuma, nilisikia maji. Nikamwambia yote, nimesimama: pistoni, karatasi, cheche niliyoirudisha nyuma akiwa ameenda kununua sigara. Nilidhani atanipiga kwa mkongojo. Nilikuwa nimeshajiandaa, hata niliusogelea.

Akavuta pumzi, akatema kando.

"Nilikuwa nayua," akasema.

"Unayua nini?"

"Beau-frère, miye niko dereva miaka kumi na tano. Moteri inagonga, weye unafungua boneti nikiwa kule kwa sigara, ninarudi, haigongi tena. Unafikiri miye niko mupumbavu? Na yule mutoto alinikuta barabarani mbele moteri ifungwe, akaniambia, tonton, umwambie Papa aweke za bakuli. Nilicheka. Nilikuwa na haraka ya bule."

Nikamuuliza, "Sasa juu ya nini haukusema mbele ya Aloise?"

"Ningesema, garaji yako ingefungwa, na dada yangu njo anakula mule. Tena miye pia nilimucheka." Akatazama shati lake, akalinyoosha kifuani. "Na mutoto anafula muzuri. Tangu nizaliwe sikuvaa nguo safi hivi."

Alisema hivyo, Judith. Hakucheka. Alisema tu kama mtu anayesema leo mvua itanyesha. Wanaume wawili wazima, kila mmoja anajua, kila mmoja anakutazama unapinda mgongo juu ya beseni, na kila mmoja amepata faida yake.

Halafu ukatokea upande wa nyuma, shati lake jingine mkononi, mikono myeupe kwa povu. Ukashangaa. "Papa? Uko unatafuta nini huku?"

Niliapa njia nzima. Nilikuwa na maneno mdomoni.

Nikasema, "Nilipita tu."

Tonton akatazama chini. Wewe ukasema, "Ungojee, nimebakisha mawili, tutarudi pamoja." Nikasema nina kazi. Nikaondoka karibu nikikimbia.

Sasa unajua mtu anayekuandikia. Sitakuomba msamaha kwenye karatasi, maana kwenye karatasi mimi ni hodari, umeona. Ni mbele ya watu ninapokufa. Wewe uliweza ukiwa na miaka kumi na sita, mbele ya benchi zima la wanaume, na karatasi mkononi. Sijui ulipata wapi, kwangu hukupata.

Barua hii naiweka juu ya nguo zako, uisome kabla hujafunga sanduku. Ndani ya barua utakuta karatasi yako. Sikuitupa. Usidhani ni wema, nilikosa tu ujasiri hata wa kuichoma. Tazama mwandiko wako: 50, 9, 2, na pembeni umechora pistoni yenye bakuli, na ndani ya bakuli umeandika 15 na kuizungushia duara mara mbili. Piga hesabu upya ndani ya treni, utakuwa na siku nyingi. Usiniamini mimi tena kwa namba yoyote. Jiamini wewe.

Chini kabisa ndani ya sanduku nimeweka bomba lako na ile plastiki. Ukitaka kushona, shona; tantine ni fundi mzuri na kitambaa ni kazi ya heshima. Lakini ushone kwa sababu unapenda, usishone kwa sababu yangu. Na Kalemie pia kuna moteri, mpaka za boti ziwani. Mtu akikuambia nyamaza na wewe umepima, mpe nakala ya karatasi yako, na ile ya kwanza ubaki nayo mwenyewe.

Bado kesho, ile baraka ya kuaga. Utafikiri ni desturi tu, kumbe ndiyo imebaki kuwa kila kitu.

Watakuja wote stesheni: mama yako, Aloise na wazee wake, tonton na mkongojo wake. Kabla hujapanda watanisukuma mbele, kama ilivyo kwetu, baba amchoree mtoto msalaba kwenye paji la uso, na mtoto ainame aupokee. Watataka nikubariki. Nitakuwa nimevaa koti langu la misa, na nitakuwa nimeapa tena, usiku kucha, kwamba kwanza nitawageukia na kusema: pistoni nilichagua mimi, karatasi nilificha mimi, Judith alipima sawa. Ni maneno machache. Umeyasoma hapa, kwa hiyo utajua kama nimeyasema au nimeyameza.

Labda nitayameza. Leo nimeyameza, na alikuwepo mtu mmoja tu, na alikuwa anajua tayari.

Basi nitazame mdomo, usinitazame machoni. Machoni nitakuwa nalia na utanihurumia, nakujua. Nikiinua mkono kabla ya kusema, usiiname. Hata mama yako akikusukuma, hata Aloise akipiga kelele, hata treni ikipiga honi. Simama wima mbele yangu, watu wote waone mkono wangu umebaki hewani, waulize kwa nini, na uwape karatasi yako ya namba.

Baba yako